Mawe Sitini ya Baba, Sitini ya Mwenye Lori

Hukumu ya baba yangu niliiandika mimi mwenyewe, kwa wino wa bluu, na mwandiko nikaupamba. Nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa, juu kidogo ya Lushoto. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa, wazee wa baraza la kijiji walinifanya katibu wao. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kiburi cha kuwatosha watu watatu.

Halafu nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza, na mpaka leo sijapona. Tangu utotoni nilisikia watu wakisema mwenye nacho hafungwi, na akifungwa, anafungwa na godoro lake. Wengine wakasema hayo yalikuwa mambo ya wakoloni na mazumbe, wale machifu wetu wa zamani, sasa tuko huru, sote ni ndugu. Mimi nilitaka kujua nani mkweli.

Basi nikaletewa jibu hadi mezani. Siku ya shamba la kijiji kila mtu alitakiwa kwenda kulima, na asiyefika alishtakiwa barazani. Siku moja walikosekana watu wawili tu. Mmoja alikuwa baba, ambaye mapeasi yake yalikuwa yameiva na yangeoza kwenye matenga. Wa pili alikuwa mwenye lori. Kijiji kizima kilikuwa na lori moja, lake, na watu walimwita zumbe wa magurudumu manne, ingawa mazumbe walikwisha kuondolewa. Jina lake lilijulikana mpaka Mazinde. Walishuka pamoja soko la Mombo, wakarudi pamoja, na mwenyekiti wa kijiji akawadaka pamoja, maana alikuwa amekaa kando ya barabara akiwasubiri. Kosa moja, siku moja, lori moja! Ningetaka mizani gani tena?

Jioni ya kabla ya baraza, mwenye lori alinikuta nafunga darasa.

"Binti, usihangaike na mzee," akaniambia. "Najua goti lake bovu. Watatuhukumu kubeba mawe ya kujengea zahanati, nani asiyejua? Lori langu litabeba yangu na yake. Wewe andika mawe, usiandike kwamba ni kwa miguu."

Baba alikuwa amewahi kuanguka kutoka kwenye mpeasi, na goti lile lilivimba kila alipopanda mlima. Na kwetu utakwenda wapi usipande mlima? Nilimshukuru mwenye lori, tena kwa moyo wangu wote.

Kesho yake mwenyekiti alisimama barazani, akakohoa, akasema, "Sheria ni msumeno, ndugu zangu, hukata mbele na nyuma." Kila mmoja akapewa mawe sitini, ayatoe mtoni na kuyafikisha juu, penye kiwanja cha zahanati tuliyokuwa tunajenga. Mzee mmoja wa baraza akauliza, "Kwa kichwa?" Watu wakacheka. "Sasa kwa nini, kwa masikio?" mwingine akamjibu, na maneno yakaishia hapo. Mimi niliandika mawe. Miguu sikuiandika, wala kichwa. Nikawasomea mistari miwili iliyolingana neno kwa neno, na watu wakapiga makofi kwa haki ile.

Jumamosi lori lilishuka hadi darajani. Vijana wakapakia wakiimba, mwenye lori akawanunulia soda, honi ikapigwa kijiji kizima, na kabla ya adhuhuri mawe yake sitini yalikuwa juu. Akina mama walipiga vigelegele. Mwenyekiti alimpa mkono. Kisha lori likaja kusimama mbele ya nyumba yetu.

"Mzee mwenzangu, panda twende tukamalize na yako!"

Baba alitoka, akaliangalia lori kuanzia taa mpaka tela, akasema polepole, "Ahsante, ndugu yangu. Lori hili limenipeleka kwenye kosa. Lisinipeleke na kwenye adhabu."

Mama alimaka. "Jamani! Huyu mwanamume kichwa chake ndicho jiwe la sitini na moja!"

Baba akaanza. Alibeba mawe matatu kwa siku, jiwe moja kila safari, juu ya kata ya majani ya mgomba. Watoto walimfuata nyuma wakiimba, "Mfungwa huyo!" Yeye alikuwa mzee wa kanisa, lakini Jumapili zote zile alikwenda kukaa benchi la mwisho, hakuna aliyemtuma, akasema atarudi mbele akishamaliza. Mwenye lori alikuwa benchi la mbele tangu wiki ya kwanza. Siku moja nilitaka kumpokea baba jiwe njiani. Akaniuliza, "Jina lililosomwa lilikuwa lako?" Nikampisha.

Swali langu likazidi kuniwasha. Mawe sitini ni mawe sitini, sivyo? Hakuna aliyepunguziwa hata kokoto. Mbona basi mmoja alishangiliwa na mwingine anazomewa? Nikalipeleka kwenye darasa la kisomo. Wengi walisema sheria imetimizwa, lori halikuibwa. Lakini bibi mmoja, aliyekuwa bado anahangaika kuandika jina lake, alisema bila kuinua macho, "Adhabu ni ile inayouma, mwalimu. Isiyouma ni safari tu." Sikuridhika. Nikamfuata mwenye lori mwenyewe, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza kama iliuma. Alifikiri kwelikweli, maana hakuwa mtu mbaya yule. "Mafuta," akasema. "Mafuta yaliuma kidogo."

Siku ya ishirini baba alitua jiwe la mwisho. Goti lilikuwa limejaa kama boga. Hakupigiwa kigelegele na mtu.

Zahanati ilipokwisha alikuja mgeni kutoka wilayani kuifungua. Mwenyekiti alinipa orodha ya watu wa kushukuriwa niisome mbele ya wote, na jina la kwanza lilikuwa la mwenye lori, "kwa mchango wa mawe sitini."

"Ndugu Mwenyekiti, si ya adhabu yale?"

"Aliyaleta kwa siku moja, kwa lori lake na mafuta yake. Hiyo si adhabu tena, binti. Huo ni moyo."

"Na baba?"

"Baba yako alikuwa anatumikia adhabu."

Loo, damu ilinichemka! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nikachomoa kalamu na kuliongeza jina la baba chini ya lile la kwanza, maneno yaleyale, mawe yaleyale. Nikasoma kwa sauti kubwa. Makofi ya mwenye lori yalivuma, ya baba yakasitasita. Hapo baba akasimama katikati ya watu na kuvua kofia.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba jina langu litoke," akasema. "Mimi sikuchanga kitu. Nilikosa, nikahukumiwa, nikamaliza. Ndugu yangu huyu ndiye bado hajaanza."

Mwenye lori alicheka kwa nguvu, kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Mgeni alimwinamia mwenyekiti kumuuliza jambo, na mwenyekiti akapatwa na kikohozi. Nikakata jina la baba, nikaendelea kusoma.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani baba alitangulia, akichechemea. Nilikuwa nimeudhika, nikashindwa kunyamaza.

"Baba, mimi nakutetea nawe unaniaibisha mbele ya mgeni?"

Hakugeuka. "Ulinitetea lini, mwanangu? Siku ya kusoma au siku ya kuandika?"

Nilisimama palepale njiani.

"Aliniambia mwenyewe mlivyopatana, siku ile alipoleta lori mlangoni," baba akasema. "Alidhani nitafurahi."

Kumbe tangu jiwe la kwanza alikuwa anajua! Alipanda mlima ule mara sitini, na kila jioni aliponipa goti nilikande kwa maji ya moto alijua ni mkono gani ulioacha neno moja bila kuandikwa. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena.

Asubuhi yake nilishuka mtoni peke yangu. Nikachagua jiwe la kadiri, kama yale ya baba, nikajitwika. Kwenye kona ya kwanza shingo iliwaka moto. Kwenye ya pili nililitua, nikakaa kando yake nikihema. Nilikuwa nimeandika sitini, mara mbili, kwa mwandiko wa kupendeza, na sikuwahi kujua moja lina uzito gani.

Nililifikisha hadi nyumbani. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya nyumba akinywa chai. Alinitazama, akalitazama na jiwe. Akasogea nikae.