Kasuku wa mama mwenye nyumba alivyonichana mikono hadi nikasomewa kesi ukweni Vudee

Wakuu, salamu kwenu nyote, walio kazini na wanaojifanya wako kazini.

Najua humu wapo wazee wa "hii ni chai". Nawaambia mapema kwamba siyo chai. Ningekuwa natunga, ningejitungia kisa ambacho mimi ndiye mshindi, siyo hiki cha kuaibishwa na ndege.

Mimi ni fundi pikipiki, niko Same mjini, kibanda changu hakiko mbali na stendi. Nimepanga kwa mama mmoja mtu mzima, Bi Zuhura, mzaliwa wa Lembeni, muuza vitenge.

Bi Zuhura ana kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Jina lake Mheshimiwa. Alimpa jina hilo kwa sababu anaongea kutwa nzima, hafanyi kazi yoyote, na anayemlisha ndiye anayeumia.

(Mnaokuja mbio kuuliza kibali, kibali kipo, kimebandikwa sebuleni kwake. Tulieni.)

Mwaka huu magoti yakamsumbua Bi Zuhura, mwanawe akamwita Dar akatibiwe. Siku ya kuondoka akanikabidhi Mheshimiwa na mfuko wa alizeti.

"Huyu mpole, mwanangu," akaniambia. "Kila jioni mtoe anyooshe mbawa, akishinda tunduni ananyonyoka manyoya."

Mpole. Naomba mlishike hilo neno.

Sasa mimi kwa muda wote niliokaa pale nilikuwa namwona Bi Zuhura akimtoa huyo ndege akiwa amejiviringishia kanga mkono mzima, kuanzia begani hadi kwenye vidole. Nikawa nawaza, mama wa watu ana staha kweli, hata mbele ya ndege hataki kuonyesha mkono.

Jioni ya kwanza nikafungua tundu nikiwa na singlendi. Same joto lake mnalijua.

Mheshimiwa akapanda mkononi bila shida. Kucha zikazama kwenye ngozi, akaanza kukwea kuelekea begani kama fundi umeme kwenye nguzo. Nikashtuka, nikautingisha mkono ili ashuke.

Hapo ndipo akatumia mdomo.

Wakuu, ule mdomo ni plaizi. Akabana, akazungusha kidogo, akaachia. Kisha akanitazama kwa jicho moja, akasema kwa sauti ya Bi Zuhura yenyewe, laini kabisa:

"Pole, mwaya."

Kumbe kila alipomng'ata mgeni, Bi Zuhura alikuwa anampa mgeni pole. Ndege akashika kwamba ukishamuumiza mtu, unampa pole, kisha unaendelea na shughuli zako. Wapo waheshimiwa wengine ambao hata hapo hawajafika.

Nikaingia kwenye kundi la wafugaji wa ndege mtandaoni kuomba ushauri. Kuna jamaa mmoja kaweka picha ya tai, sidhani kama amewahi kufuga hata kuku. Akaniambia tatizo ni hofu yangu, nimkazie macho ndege ajue bosi ni nani.

Nilimkazia. Bosi akajulikana, na siyo mimi.

Mwingine akasema nivae glovu za kuchomelea. Nikaazima kwa jirani mchomeleaji, zile nene za ngozi. Mheshimiwa alipoziona alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. Kisha akatulia, akachunguza, akagundua glovu inaishia katikati ya mkono. Akaenda kufanyia kazi pale pale ilipoishia.

Tangu siku hiyo hata nikija na mkono mtupu wenye karanga, alikuwa ananiona ni yule yule wa glovu.

Ningevumilia yote hayo, maana ngozi inaota. Tatizo ni kwamba wakati huo nilikuwa najiandaa kwenda kujitambulisha ukweni.

Mchumba wangu anaitwa Namkunda, ni mwalimu wa shule ya msingi huko milimani Vudee, na kwao ni hukohuko. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwenye kauli ni baba yake mkubwa, Mzee Eliamani. Mzee wa kanisa, na zamani alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo.

Sisi Wapare na kesi mnatujua, hatuhitaji kutambulishwa. Sasa chukua Mpare, mwache aandike kesi za watu mpaka nywele ziwe nyeupe, halafu mstaafishe akae nyumbani bila kesi hata moja. Huyo ndiye niliyekuwa naenda kumwomba binti.

Wiki moja kabla ya safari, naongea na Namkunda kwa simu, simu iko spika juu ya meza, na mimi namrudisha Mheshimiwa tunduni. Akanipata pale kwenye mfupa wa kifundo cha mkono. Nikapiga yowe.

Na baada ya yowe, sauti ya kike ikasikika vizuri sana:

"Pole, mwaya."

"Nani huyo?" Namkunda akauliza.

Wakuu, hapo ningejibu "kasuku", uzi huu usingekuwepo. Lakini mimi mwanaume mzima, nashusha injini za pikipiki kutwa, nikiri kwamba nimelizwa na kiumbe kinachoenea kwenye birika?

Nikasema, "Redio."

"Redio inakupa pole?"

"Ni mchezo wa redio."

Akasema, "Sawa." Ile sawa mnaijua.

Siku ya safari nikavaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote nimefunga. Same nilitoka nikichuruzika jasho, ila tulivyopanda mlima baridi ikaanza, na kule Vudee kila mtu ana sweta. Nikajiona mjanja kweli.

Nilikwenda na mshenga wangu, jamaa ambaye pale kinyozi hakuna anayemshinda kwa maneno. Kufika ukweni akageuka bubu, akawa anaangalia upande wa jikoni tu.

Shikamoo zikapita, marahaba zikarudi. Mzee Eliamani akaniuliza ukoo, akauliza kanisa, akauliza kazi. Yote nikajibu, akawa anatikisa kichwa taratibu. Nikaona mambo yananyooka.

Chakula kikaja, ugali na kuku. Namkunda akaleta jagi na beseni atunawishe.

Hapo ndipo ujanja wangu ulipoishia. Huwezi kunawa mbele ya wakwe ukiwa umefunga vifungo vya mikono kama unaogopa maji yao. Nikakunja kidogo sana.

"Kunja vizuri, kijana, utalowa," akasema Mzee.

Nikakunja.

Namkunda alikuwa ameinama na jagi. Akaona mistari mirefu ya kucha, mipya juu ya ya zamani, na alama za kubanwa zilizovilia damu hadi kwenye kiwiko. Akasahau kuinua jagi. Maji yakajaa beseni, yakamwagikia viatu vya mshenga.

Kila mtu mle ndani aliona kitu kimoja: mwanamke, tena mwenye hasira.

"Redio ndiyo imekuchana?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikasema ukweli wote, kasuku, tundu, Bi Zuhura, glovu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika mwongo. Hata mimi nisingeamini.

Ila Mzee Eliamani, jamani, uso wake ulichanua. Sijawahi kuona mtu anafurahi vile mbele ya ugali unaopoa. Akasogeza sahani pembeni.

"Huyu anadai ni ndege. Ndege yuko wapi?"

"Same, baba."

"Aletwe. Tutasikiliza Jumamosi."

"Na suala la mahari?" mshenga akauliza mdomo ukiwa umejaa. Ndiyo sentensi yake ya kwanza tangu tufike.

"Mahari ya nini, wakati hatujui huko chini anaishi na nani?"

Namkunda hakunisindikiza. Aliingia ndani na beseni lake, hakutoka tena. Nawaambia wazi, hiyo iliniuma kuliko mdomo wa kasuku. Nilishuka mlima nikijua nampoteza mtu ninayempenda, na kisa ni neno "redio".

Nikampigia Bi Zuhura kuomba ruhusa ya kusafiri na ndege wake. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Kwani wewe ulikuwa unamshika mikono mitupu? Zile kanga ulidhani navaa za nini, mwanangu?"

Sikumweleza habari za staha.

Jumamosi nikapanda na tundu nimelifunika kitenge. Kufika, sebule imejaa. Majirani wote walikuwa wamekuja kuazima chumvi kwa wakati mmoja. Mzee Eliamani kavaa koti la suti, kakaa kwenye kiti cha peke yake. Mama yake Namkunda yuko pembeni. Namkunda kasimama mlangoni, hataki kunitazama.

Nikafunua tundu.

Mheshimiwa akawa malaika. Hakutoa hata mluzi. Mzee akapitisha kidole kwenye waya, ndege akainamisha kichwa akunwe shingo, akafumba macho kwa raha.

"Huyu?" Mzee akawageukia watu. "Huyu ndiye jambazi?"

Watu wakacheka. Nikambembeleza ndege aongee, nikampa karanga, nikamwita kwa cheo chake. Kimya. Tangu nimjue hajawahi kukaa kimya kiasi kile. Namkunda akainamisha uso, nikaona kesi imekwenda na mke amekwenda.

Ndipo Mzee, kwa kunogewa, akaamua kukijaribu kielelezo kwa mwili wake mwenyewe. Akavua koti, akakunja shati, akafungua tundu.

"Baba, angalau ujifunge kitu mkononi," nikasema.

"Nyamaza. Usiingilie ushahidi."

Nikanyamaza. Wakuu, nilitii amri halali.

Mheshimiwa akapanda taratibu. Mzee akawaonyesha watu mkono wenye ndege, huku anatabasamu. Mimi nikaona mboni za yule ndege zinasinyaa na kutanuka, zinasinyaa na kutanuka, na manyoya ya shingo yamesimama. Hiyo ishara nilishaijua kwa gharama ya ngozi yangu. Kucha zikazama, Mzee akashtuka, akafanya lile kosa la wote: akautingisha mkono.

Yowe lake nadhani lilifika shuleni.

Na mara tu lilipoisha, sauti laini ya kike ikasema:

"Pole, mwaya."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama yake Namkunda. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Majirani wakafuata. Namkunda alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Mzee akauingiza mkono kwenye koti haraka.

"Shauri limeahirishwa."

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka nitakapopata nafasi."

Hajaipata mpaka leo, na hajasema kama nilikuwa na haki. Ila mahari alikuja kuipokea mwenyewe, na koti lake, jua la saa sita. Nasikia kanisani walipomuuliza alisema kachomwa na mwiba wa mlimau. Sikumcheka sana. Yeye alisema mlimau, mimi nilisema redio.

Siku ile ile ya kesi, nikiwa nafunika tundu niondoke, Namkunda akanifuata uani. Ana mkasi na sweta zito la sufu.

"La baba," akasema. "Mama kasema nikupimie."

Akalikata mikono yote miwili, sweta la marehemu baba yake, hapo hapo uani. Akaniambia ninyooshe mkono. Akanivalisha mmoja juu ya mwingine, kuanzia begani hadi kwenye vidole, akatoboa tundu la kidole gumba. Nilikaribia kulia na sikujificha.

"Redio nyingine," akasema huku anakata uzi, "nitaizima mimi mwenyewe."

Sasa kwa wenye kasuku au mnaotaka kufuga. Mikono mitupu ni ujinga, na glovu za kuchomelea ni ujinga mkubwa zaidi, zinamtisha ndege na zinaacha mkono wazi. Kitambaa kinene kinachopanda hadi begani kinatosha, mikono ya sweta au miguu ya jinzi iliyochakaa. Mzoeshe kwanza kupanda kwenye kijiti. Ukiona mboni zinacheza, mrudishe tunduni. Akikubana usivute wala usitingishe mkono, utachanika zaidi. Jeraha lioshe kwa sabuni na maji mengi, likiwa limezama nenda zahanati, usilete ubishi.

Na ukiulizwa nini kimekuuma, jibu kilichokuuma.

Wenye uzoefu wa kasuku shusheni hapa chini, hasa wa kuwakata kucha, maana huko bado sijathubutu. Jamaa wa picha ya tai kama yumo humu, apite kimya kimya.

Na wale wa chai, Bi Zuhura amesharudi, milango iko wazi. Njooni Same na mikono mitupu. Pole mtapewa hapo hapo.