Bunzi Kwenye Nguzo za Baba

Kwetu Lupaso mwanamume ndiye anayehamia ukweni. Baba alitoka Newala akaja kuoa, akamjengea Mama nyumba ya miti na udongo, akaiezeka kwa nyasi, akahudumia mikorosho ya ukoo wa mkewe. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba alishika jembe tangu siku ya kwanza hadi mvi zikamwota, na bado wakamwita mgeni.

Mama alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba. Arobaini ilipokwisha mjomba, kaka yake Mama, akamwambia Baba kwamba sasa arudi kwao. Baba akasema hataki shamba wala korosho. Anataka tu kuzikwa kando ya mkewe. Mjomba, mtu wa kutabasamu hasa anapokuuma, akamjibu mbele ya ukoo: "Haya, shemeji. Kaa mpaka nyumba yako ianguke. Ila nyingine hapa hujengi." Wazee wakaitikia. Waliona ni huruma.

Basi Baba akawa mlinzi wa nguzo, na nguzo zikapata adui: bunzi, yule nyuki mweusi mnene anayetoboa mbao kavu. Hana mzinga wala malkia. Kila jike hujitegemea: huchimba tundu la mviringo, hulimbikiza donge la chavua, hutaga yai juu yake, huziba kwa unga wa mbao, kisha huanza chumba kingine. Watoto wakipevuka hawaendi mbali; hutoboa nguzo ileile walimozaliwa, au ya pili yake. Tulianza na tundu moja barazani. Baada ya misimu michache kila nguzo ilikuwa inadondosha unga.

Baba alipigana vita vya kijinga. Mlangoni walielea madume, wa rangi ya manjano, ambao hawana mwiba wala hawatoboi kitu. Hao ndio aliowaua kwa kandambili, akitukana, huku majike wakitafuna mti juu ya kichwa chake. Nilimwambia, akaniuliza nimekuwa fundi wa wadudu lini. Akaziba matundu kwa udongo mchana, wenyewe wakiwa mauani. Wakarudi, wakatoboa pembeni. Wapita njia walimsalimia kwa kebehi: "Shikamoo mzee, leo umeua wangapi?" Naye aliitikia marahaba, kwa sababu hakuwa kwao.

Msimu wa kubangua korosho ukafika. Kila mtu huku anajua kwamba mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, na kwamba ganda likishika moto hutema cheche. Wenye subira hupaka mafuta hayo kwenye mbao ili wadudu wasizile. Baba subira ilikuwa imemwisha. Alichoma maganda kwenye ncha ya waya, akayasukuma yakiwaka ndani ya matundu ya juu, chini kidogo tu ya nyasi. "Dawa ya moto ni moto," alisema. Bunzi walitoka wakiungua mbawa, wakajiviringisha chini, na Baba akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi pia nilicheka. Kisha ganda moja likapasuka, likarusha mafuta yanayowaka kwenye paa.

Majirani walileta maji. Mjomba naye alileta, simnyimi haki yake. Alikimbia na ndoo kuliko wote. Jioni zilibaki kuta zinazofuka moshi, na mikono ya Baba ilikuwa imejaa malengelenge. Mjomba akaja na bodaboda.

"Shemeji," akasema kwa upole, "nyumba imeanguka."

Baba hakubisha. Aliniomba tu niwe nalipalilia kaburi la Mama. Mjomba akadakia kabla sijafungua mdomo: "Kaburi ni letu. Tutalipalilia wenyewe." Nilimchukia pale pale, na sijaacha hadi leo.

Baba hakumaliza hata masika kule Newala. Walimzika wapwa zake, watu ambao hawakuwahi kula naye sahani moja. Mmoja wao alinifuata makaburini, akanipa pole, akaniuliza kwa adabu kabisa marehemu alikuwa nani wangu.