Makofi ya Mwenyekiti Mugenzi

Générose akisifiwa, kwanza hutazama mkoba wake uko wapi. Msimcheke. Mumewe alimwambia, "Wewe ni mwanamke mstahimilivu," kesho yake akahama na redio. Mwenye nyumba naye alimsifu vivyo hivyo, na masika mazima mvua ikamvujia kitandani bila bati kuguswa. Neno lenyewe ni zuri, jamani, nani hapendi kuitwa mtu asiyevunjika? Ila kwake halikuwahi kuja mikono mitupu.

Basi Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, walipomaliza kusafisha mitaro ya Nyamirambo, mafundi cherehani wa ushirika wakakaa kwenye nyasi kwa mkutano. Mwenyekiti Mugenzi akamnyooshea Générose kidole, akaanza:

"Mama Akimana huyu! Alitoka Bujumbura na cherehani kichwani. Amefiwa, ameugua, na bado yuko hapa anashona. Huyu ndiye mstahimilivu!"

Mh! Mbona leo? Mbona mbele za watu? Générose akamtupia jicho Christella, shemeji yake Mugenzi, fundi mgeni. Anachokonoa kucha, hainui uso. Na juzi tu alisimama barazani akiipima kwa macho nafasi ya Générose, pale mlangoni penye mwanga na wateja.

"Kwa hiyo," Mugenzi akaendelea, sauti imelainika, "tumeona yeye ataweza kuhamia kile chumba cha nyuma. Wengine hawatakiweza. Tumpigie makofi."

Chumba cha nyuma! Hakina hata dirisha. Kwa macho yake yale, ambayo siku hizi kutunga uzi ni vita, huko ni kuzikwa na cherehani yake. Na kwenye ushirika ule makofi yakishapigwa, jambo limepita. Atakayepinga ataonekana hana shukrani.

Mikono ilikuwa tayari juu.

"Msipige!" Générose akasimama. "Niliyoyastahimili yote hayakuniuliza. Nyinyi mna midomo, niulizeni. Sitaki."

Mikono ikashuka mmoja mmoja. Mugenzi akakohoa, akahamia habari za mitaro.

Jumatatu Générose aliketi palepale mlangoni, lakini uzi ukakataa kuingia. Christella akatokea chumba cha nyuma, akamchukulia sindano, akatunga.

"Siku ile uliogopa, mama?"

"Niliogopa sana, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka, maana miaka yote ile ya sifa hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo.

Akashukuru. Kisha akauvuta mkoba wake karibu kidogo.