Miguu Isiguse Sakafu

Kwenye benchi lile la nyuma ndani ya basi tulikuwa hivi: Bibi Tupokigwe, aliyemzaa mama yangu; Mama Atupele, jirani yetu wa Iyunga; Dada Agnesi, Mhehe aliyekuwa anarudi kwao, hatukuwa na undugu naye mpaka siku hiyo; na mimi Subilaga, wa miaka saba. Utingo aliitwa Yohana, mtu mzima mwenye mvi.

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Tosamaganga, akatuma neno aletewe mimi anione. Bibi alikuwa na nauli ya mtu mmoja tu. Basi la siku zile, wanangu, lilikuwa na madaraja: mbele kwa dereva, kwenye mito, walikaa wakubwa, nyuma sisi, benchi la mbao la wawili mnabanana watatu. Lakini mtoto wa kupakatwa halipi.

Yohana akanipima kwa macho. "Bibi, huyu ndiye wa kupakatwa? Si anachota maji huyu!"

"Anachota kwa kikombe," Bibi akajibu.

Watu wakacheka. "Haya," akasema Yohana. "Ila miguu isiguse sakafu. Ikigusa, nauli."

Nikakunja miguu. Kufika Chimala mapaja ya Bibi yamekufa ganzi, Mama Atupele akanipokea. Naye akachoka, Dada Agnesi akanichukua, kaishika miguu yangu kama mtu aliyebeba kuku wa kuuza. Tulipofika Makambako, Yohana akaja tena.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu!" wakajibu wote watatu.

"Ana mama wangapi?"

"Kwani wewe baba ulipakatwa na mmoja tu?" akasema Dada Agnesi.

Baada ya Mafinga nikasinzia, na Dada Agnesi naye, miguu ikateleza chini. Bibi ndiye aliyenisimulia: Yohana aliiona, akatazama mbele kwa wakubwa, kisha akasukuma gunia la maharage chini ya nyayo zangu. "Hapo si sakafu," akasema, akapita.

Tulipofika hospitali, Mama aliniuliza nimekaa wapi safari yote ile. Nikamwambia, "Nimekaa kwa watu." Akacheka mpaka akakohoa. Kicheko chake kingine sikukisikia tena. Mvua zilipoanza tukamzika.

Siku hizi kila abiria ana kiti chake na namba yake, na mnashuka hamjajuana hata jina. Kama wapo watoto wa Dada Agnesi, wanisahihishe. Pengine alikuwa Mbena, si Mhehe. Pengine ilikuwa Igawa, si Chimala. Miaka ni mingi, wanangu.