Uji wa Mlonge na Utosi wa Mama

Mimi ndiye ninayemfumua mama rasta zake, kwa hiyo mimi ndiye niliyeiona ngozi ya kichwa chake kabla yake. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Yeye kakaa kwenye mkeka, mimi nyuma yake kwenye kigoda. Kila rasta niliyoivuta ilitoka na nywele zake, kama karanga inavyotoka na udongo wa shambani. Nikazikusanya kiganjani nikamwambia, "Mama, hizi nizirudishie kwa gundi au kwa uzi?"

Hakucheka. Akaomba kioo, akajitazama juu ya paji na pembeni mwa masikio. Utosini, ambako kioo hakifiki, akapapasa kwa vidole.

"Sendofu ya dada yako imebaki miezi miwili," akasema.

Hapo nikaziweka zile nywele chini. Kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, mama wa binti anaitwa mbele, anacheza toka mlangoni hadi meza kuu, na kila mwanamke ukumbini anamkagua kuanzia kisigino hadi utosi. Wigi hataki kulisikia, maana la shangazi lilimtoka kwenye harusi moja akiwa anacheza, na watu bado wanalikumbuka kuliko wanavyomkumbuka bibi harusi. Kunyoa ndiyo kabisa hapana. Mama mtu mzima akinyoa kipara, majirani watakuja na pole na kuuliza nani kafariki.

Wiki ile ile bibi, mama yake mama, akaja kutoka Kasokola na kopo la unga wa kijani. Ni majani ya mlonge, aliyaanika ndani kwenye ungo yasipigwe na jua, akayatwanga, akayachekecha. Kijiko kimoja kwenye uji wa asubuhi, kila siku, na asali ya kutosha kwa sababu bila asali unakuwa unakunywa malisho ya mbuzi. Halafu akaongeza sharti: asisuke, na asipake dawa ya kulainisha nywele, mpaka siku ya sendofu.

"Bibi, na babu naye anakunywa?" nikauliza.

"Kila siku ya Mungu."

"Sasa mbona upara wake umefika shingoni?"

Bibi akanitazama taratibu. "Mlonge wa babu yako ni wa magoti."

Jibu hilo lilinisumbua wiki nzima. Unga unajuaje kama uende kwenye magoti au kwenye nywele? Mama kichwa chake hakuruhusu tena mtu akiguse, kwa hiyo nikatafuta vichwa vingine. Shule zilikuwa zinafunguliwa, na mimi na mdogo wangu wa kike, wa darasa la sita, tulinyolewa siku moja, kinyozi mmoja, mashine ile ile, mpaka tukafanana na mayai ya kanga. Vichwa viwili vya mama mmoja, vyote vimeanza sifuri. Nikaamua: mimi nitakula mlonge wa kopo la mama kwa siri, yeye atakunywa uji mweupe, na kila Jumamosi nitapima kwa rula ya hesabu.

Jumamosi ya kwanza tulilingana. Ya pili tukalingana. Ya tatu, nywele za mdogo wangu zikanizidi, kidogo tu, lakini zimenizidi. Nikapima mara nne. Yaani nimekula majani wiki tatu ili nishindwe na mtu wa uji mtupu.

"Wewe unapaka nini?" nikamuuliza.

"Sipaki kitu."

"Unakula nini?"

Akaangalia pembeni. Kumbe kila asubuhi, mama akienda kufungua banda la kuku, yeye alikuwa anapiga mafunda mawili matatu ya kikombe cha mama kwa ajili ya asali. Utafiti wangu wote ukafia hapo. Na jioni ile mama akafungua kopo, akaligonga gonga kitako.

"Huu unga bibi yenu alisema wa miezi miwili. Mbona umeisha kama wanakula ng'ombe? Nyie, njooni hapa."

Tulikiri. Hakutupiga. Alikaa kitandani na kopo tupu mapajani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe nilikuwa nakunywa nusu kijiko, na wiki zilizobaki ni tatu." Bora angetupiga.

Kesho yake nikaendesha baiskeli mpaka Kasokola. Bibi alinipa kazi ya kukonyoa majani ya unga mwingine mpaka vidole vikawa vya kijani, na huku nakonyoa nikamweleza jambo lililokuwa linanizunguka kichwani.

"Bibi, umemkataza kusuka na umempa mlonge kwa wakati mmoja. Nywele zikiota, tutajuaje kilichoziotesha?"

"Wewe unataka nywele au unataka mtihani?"

"Vyote."

"Mama yako anataka nywele. Konyoa."

Siku tatu kabla ya sendofu mama aliniita mlangoni, kwenye mwanga, akafungua kitambaa chake. "Niangalie. Na leo usinitanie."

Nilimwangalia kama mtu anayechagua mchele. Pembeni mwa masikio na juu ya paji kulikuwa na nywele mpya, laini, fupi, zimesimama kama zangu wiki ya pili baada ya kunyolewa. Utosini ngozi ilikuwa bado inaonekana, ileile. Ulimi uliniwasha kusema kote kumejaa. Nikamwambia nilichokiona, mbele na katikati.

Akapapasa juu ya paji. "Za mbele zinashikika?"

"Kwa kidole ndiyo. Kwa msusi hapana."

"Hujanidanganya?"

"Mama, ningetaka kukudanganya ningeanzia utosini."

Hapo akacheka, mara ya kwanza toka ile Jumapili. Siku ya sendofu alijifunga kilemba cha kitenge cha sare ya familia. Akasimama mbele ya kioo, akakisukuma nyuma upana wa kidole kimoja, nywele mpya zikatokeza. Akafikiri. Akasukuma tena nusu kidole.

"Hapo?" akaniuliza.

"Hapo ngozi inaonekana. Rudisha kidogo, mama."

Akarudisha, akachukua mkoba, akatoka.