Nilimwachia Mke Wangu Abebe Kosa la Miksa Yangu

Jamani, kosa ni langu, peke yangu. Nnayaandika haya kwa sababu watu wengi hapa Mjini bado wanaamini ni la mke wangu.

Mke wangu alikuwa mpigaji kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu. Akiicharaza, majirani zetu wa mtaa wa Malindi walikuwa wakizima redio. Nami mpenda kuunda vyombo vya umeme nikajigamba: nitakuundia miksa, mashine ya kuchanganyia sauti za kurikodi, humu humu ndani! Kasha nililikata kwenye kabati bovu la chuma, vitufe nikavichomoa kwenye redio mbovu, waya nikazilehemu mwenyewe. Ilipotoa sauti mara ya kwanza nilirukaruka kama mtoto.

Lakini ilikuwa inauma. Ukiligusa kasha, umeme unakupiga. Nikamwita rafiki yangu, fundi umeme wa Chukwani.

"Hii haina ethi," akasema. Yaani ule waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja. "Usimpe mtu maikrofoni mpaka nije nikufungie."

"Inshaallah," nikamjibu. Moyoni nikasema, huyu ana kijicho tu. Ujinga ulioje!

Kesho yake mke wangu akaja, hata maji ya udhu hayajamkauka. "Nshasali. Tujaribu?"

"Tujaribu," nikasema. Sikumtahadharisha hata kwa neno moja.

Akakaa chini sakafuni, kanuni mapajani, akanyoosha mkono kuivuta maikrofoni. Akapiga ukelele. Mkono haukuachia! Nikaung'oa waya ukutani.

Alipona, alhamdulillahi. Lakini vidole vya mkono wa kulia viliungua, vikajikunja, na mpaka leo havinyooki.

Mama yake akafika hospitali kutoka Makunduchi. "Kumetokea nini, mwanangu?"

"Alishika kwa mikono ina maji, Mama. Nilimkataza."

Ya Rabi! Yalinitoka tu. Mke wangu hakuwa akikumbuka kitu.

"Mtu mzima, hata ukikatazwa husikii!" mama yake akamgombeza.

Mke wangu akanigeukia, akanong'ona: "Nisamehe. Nimekuharibia mashine yako."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikanyamaza.

Nikanyamaza miezi na miezi. Kila mgeni aliyekuja kumtazama, mke wangu alimwambia: "Nilikatazwa, sikusikia." Kanuni akampa mpwa wake.

Siku ya Idi akaja yule fundi wa Chukwani. Naye akaelezwa vivyo hivyo. Akanitazama, akaiweka kahawa yake chini, akaondoka bila ya kuaga. Wallahi, sikuweza tena. Nikamwambia mke wangu kweli yote.

Hakulia. "Kwa hiyo mimi sikukosa?"

"Hukukosa."

"Na ulikuwa ukinisikia nikiwaomba watu radhi?"

"Nilikusikia."

Akakusanya nguo zake, akenda kwao. Nikamfuata. "Shikamoo, Mama," nikasema mlangoni. Marahaba sikuipata. Nikayarudia yote mbele yao.

Mke wangu akanisikiliza mpaka mwisho. "Kuungua ningekusamehe," akasema. Kisha akaomba talaka yake, nami nikampa.

Nyinyi mnaounda vyombo majumbani, fungeni ethi kwanza, kabla ya kumwita mtu! Na ukishamdhuru mwenzio, sema siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Usimwache akuombe radhi kwa kosa lako. Nakuombeni, usimwache.