Pumzi ya Jirani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu huko Ikuti, baba alichinja ng'ombe kwa ubatizo wa mdogo wangu Lusajo bila kuwaita majirani wa ng'ambo ya migomba. Walikuwa wamegombania mpaka. Bibi, mama yake baba, hakuigusa nyama ile.

"Watu wakinung'unika, pumzi yao huingia kwa aliyewakosea," alimwambia baba. "Na humkuta aliye mdogo."

Binti wa majirani hao, Tusajigwe, nilikaa naye dawati moja. Nyumbani walinikataza kusema naye. Lakini baridi ya kwetu mnaijua, na madirisha ya darasa yalipigiliwa mbao kuzuia mvua. Nguo za mitumba ndiyo kwanza zilikuwa zinajaa sokoni Tukuyu, na mama yake alimnunulia sweta kubwa la mtu mzima. Tuliingia humo wote wawili, mkono mmoja wake, mmoja wangu. Alipoanza kukohoa, na nusu ya darasa ikakohoa, hatukutoka ndani ya lile sweta.

Nikafuata mimi. Kisha Lusajo, wa miezi mitano. Alikohoa mfululizo mpaka midomo inakuwa ya bluu, halafu anavuta hewa kwa mlio uliotutoa machozi.

"Ni ile pumzi," bibi alisema, akaenda mwenyewe kuwaita majirani.

Walikuja mchana, wakaketi jikoni kwake. Aliwataka wenye kinyongo waseme.

"Niliwanyima nyama," baba alisema akitazama chini. "Nilikosea."

"Nami nimekuwa na hasira kweli," alijibu mama Tusajigwe.

Hapo nikashindwa kujizuia, nikalia. "Mimi ndiye niliyekileta kikohozi. Tunavaa sweta moja na Tusajigwe."

Mama Tusajigwe aliniangalia, akamwangalia mtoto. "Kumbe ni kifaduro hicho hicho. Wangu alipewa dawa hospitali. Ningewaambia, ila tulikuwa hatusemeshani."

Mama alikuwa hajalala siku tatu. Mama Tusajigwe akamchukua Lusajo, akamfunga mgongoni mwake, wakaenda pamoja barabarani kutafuta gari la Tukuyu.

Jioni ile bibi alinipaka mafuta kifuani. Nilingoja anigombeze. "Umesema vizuri, mwanangu," ndilo neno pekee alilotamka.

Lusajo alipona polepole, wiki nyingi. Nilipokua nilimweleza bibi jinsi kifaduro kinavyoambukizwa darasani. Alinisikiliza, akaendelea kumenya ndizi. Sikubishana naye. Dawa ilikuwepo Tukuyu muda wote ule, na aliyejua habari zake alikuwa ng'ambo tu ya migomba. Nami nilijua tangu siku ya kwanza ni nani aliyenikoholea, nikanyamaza kwa kuogopa fimbo.

Lusajo ni baba wa watoto sasa. Akikohoa kidogo kwenye simu, namuuliza maswali mpaka anacheka.